Kibao Shingoni

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wa shule moja ya maandalizi katika Bonde la Ufa ulikuwa mwema kwelikweli: lango la chuma lililopakwa rangi ya kijani, maua kandokando ya njia, nyasi zilizokatwa zikakatika, na bawabu aliyempigia saluti kila aliyeingia kwa gari. Kijana mmoja aliingia kwa miguu mapema mwezi wa Mei mwaka 2010, begi moja mkononi, na saluti haikupigwa. Alikuwa na shahada ya elimu, masomo yake yakiwa Kiswahili na Historia. Tangu mwaka 1998 serikali ilipositisha kuwaajiri walimu moja kwa moja baada ya mafunzo, wengi wa rika lake walikuwa wamekaa majumbani wakisubiri nafasi za waliostaafu au kufariki. Yeye alikuwa amesubiri mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa hivyo alipopigiwa simu na kuambiwa kuwa shule hiyo ilihitaji mwalimu wa Kiswahili wa madarasa ya juu, hakuuliza mengi. Mwenye njaa hachagui kinono.

Jina la "shule ya maandalizi" lina historia yake katika nchi ya Kenya. Shule za kwanza za aina hiyo zilianzishwa na walowezi kwa ajili ya watoto wao. Pembroke House ya Gilgil ilianza mwaka 1927, na St Andrew's ya Turi mwaka 1931. Maandalizi yaliyokusudiwa yalikuwa ya kumweka mtoto tayari kwa shule za upili za Uingereza. Baada ya uhuru, na hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, jina hilo lilirithiwa na shule nyingi za kibinafsi ambazo wenyewe walikuwa Wakenya, watoto wake Wakenya, na mtihani wake ule ule wa taifa uliofanywa na mtoto wa shule ya kijijini. Shule aliyoingia kijana huyu ilikuwa mojawapo ya hizo warithi. Ilirithi jina, ikarithi na soksi ndefu, kengele ya shaba, na chai ya saa kumi. Ilirithi pia jambo jingine ambalo mgeni asingeliona langoni.

Jambo hilo lilikuwa kibao. Kilikuwa kipande cha mti chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu juu na kutiwa uzi wa katani. Wanafunzi walikiita "diski". Kila Jumatatu asubuhi kiranja mkuu alikabidhiwa kibao hicho, naye alikipeleka kwa mwanafunzi wa kwanza aliyesikika akisema neno lisilo la Kiingereza. Huyo alikivaa ndani ya shati na kutembea akitega sikio, hata amsikie mwenzake akiteleza, amvishe. Kwa namna hiyo kibao kilizunguka juma zima kutoka shingo hii hadi shingo hii. Jioni, mwalimu wa zamu aliwaita wote waliokuwa wamekivaa na kuandika majina yao katika daftari lenye safu tatu: jina, darasa, na lugha iliyosemwa. Aliyekutwa nacho Ijumaa saa kumi aliadhibiwa kwa kusugua sakafu ya bwalo Jumamosi alfajiri.

Siku mbili Kiswahili kiliruhusiwa ndani ya kipindi cha dakika 35, na siku nyingine vilevile. Kengele ilipolia, kikawa kosa. Mwalimu alitoka darasani akiwa amefundisha viulizi na viunganishi, na kabla hajafika majilisi alisikia mtoto akishtakiwa kwa kuvitumia.

Kibao hicho hakikuwa kigeni kwake. Yeye mwenyewe, katika shule ya msingi ya kijijini kwao Murang'a, alikuwa amevaa cha mfupa wa ng'ombe kwa kosa la kusema Kigikuyu. Chuoni alikuwa amesoma kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, ambamo mwandishi anasimulia jinsi watoto wa wakati wake walivyoadhibiwa na kuvishwa bamba la chuma kwa kosa hilohilo. Alikuwa ameandika tasnifu fupi juu ya mada hiyo na kupata alama nzuri. Katika ukurasa wa mwisho wa tasnifu hiyo alikuwa ametangaza kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayekuwa wa kwanza kukivunja kibao. Sasa zamu yake ilifika juma la tatu la muhula. Akafungua daftari, akachukua kalamu, akaandika majina kumi na manne. Katika safu ya tatu aliandika neno "Kiswahili" mara kumi na moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na mwalimu mkuu akamsifu.

Muhula wa pili ndio muhula wenye shughuli nyingi katika shule za Kenya, na shule hii haikuwa tofauti. Kulikuwa na michezo ya riadha, kulikuwa na safari ya darasa la saba kwenda Ziwa Nakuru, kulikuwa na mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Katika majaribio hayo, kama ilivyokuwa katika mtihani wa taifa wa KCPE, Kiswahili kilikuwa na karatasi mbili: maswali 50 ya lugha na insha ya alama 40. Shule ilizipenda sana alama hizo. Wastani wa Kiswahili ulipoporomoka, mwalimu aliitwa ofisini na kuulizwa, kwa Kiingereza, ni kwa nini watoto hawakuweza kuandika insha yenye mtiririko. Alijua jibu. Lugha ambayo mtoto haruhusiwi kuulizia chumvi haiwezi kumtii anapotakiwa kuandika kurasa mbili kwa dakika 40. Lakini alijibu kwamba ataongeza mazoezi.

Zaidi ya yote kulikuwa na tamasha za muziki. Mwalimu aliteua wanafunzi 30 wa darasa la sita wakariri shairi kwa pamoja. Shairi alilitunga mwenyewe, tarbia ya beti nane, kuhusu msitu wa Mau. Mwishoni mwa mwaka 2009 serikali ilikuwa imeanza kuwaondoa watu msituni humo ili kuokoa chemchemi za maji, na Bonde la Ufa lote lilikuwa likilizungumzia jambo hilo. Kituo cha shairi kilijengwa juu ya neno moja, thamani. Kiongozi wa kukariri alikuwa msichana mdogo wa mwili, mwenye sauti iliyojaa ukumbi. Mwezi wa Juni walishika nafasi ya kwanza wilayani. Kombe liliwekwa katika kabati ya kioo mlangoni pa ofisi, na mkurugenzi wa shule akaagiza wanafunzi hao wakariri tena Siku ya Wazazi.

Mwezi huohuo fainali za Kombe la Dunia zilianza Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza katika bara hili. Usiku wa Ijumaa tarehe 2 Julai, Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali. Mchezo ulianza saa tatu na nusu za usiku kwa saa za Kenya, wakati ambao taa za mabweni zilikuwa zimezimwa. Mwalimu wa zamu usiku huo alikuwa ni yeye. Alipokuwa akizunguka na tochi alimwona bawabu ameketi kwenye kigoda chini ya dirisha la bweni la wavulana, redio mapajani, sauti imepunguzwa. Dirisha lilikuwa wazi na vichwa vilikuwa vimejaa dirishani. Mtangazaji alikuwa akitangaza kwa Kiswahili, na watoto wakimwuliza bawabu: Nani ana mpira? Amepiga nani? Bado dakika ngapi? Bawabu alijibu kwa upole, kama babu aulizwaye na wajukuu. Mpira ulipoelekea golini na mkono wa mchezaji wa Uruguay ukauzuia, ikatolewa penalti katika dakika ya mwisho ya muda wa ziada. Bweni zima lilinyamaza. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Watoto wa shule ile ya maandalizi walilia, na walilia kwa Kiswahili. Hatimaye Ghana ikatolewa kwa mikwaju ya penalti, nne kwa mbili.

Mwalimu alikuwa amezima tochi yake na kusimama gizani hadi mwisho. Kesho yake aliulizia kibao. Aliambiwa kwamba aliyekuwa nacho Ijumaa jioni bado alikuwa nacho Jumamosi asubuhi, ingawa usiku kucha alikuwa amezungukwa na wakosaji arubaini. Hakumvisha hata mmoja. Ungedhani watoto wale walikuwa wameitisha baraza na kupitisha sheria yao wenyewe, kwamba pana saa ambazo mtu hashtakiwi kwa lugha anayolilia.

Siku ya Wazazi ilipangwa Jumamosi tarehe 17 Julai. Alhamisi ya juma hilo, yule msichana wa kukariri alikuwa mferejini akiosha soksi, na huku akiosha alikuwa akiurudia ubeti wa tano, ambao ulikuwa ukimponyoka. Mwenzake aliyekuwa na kibao alimsikia. Kanuni haikutenga shairi na mazungumzo, na mwenzake naye alikuwa amechoka kukibeba. Akamvisha. Msichana hakupata wa kumpitishia, kwa sababu juma hilo kila mmoja alichunga ulimi akiogopa kufedheheka mbele ya wazazi. Ijumaa saa kumi akasimama mbele ya mwalimu wake wa Kiswahili, ambaye alikuwa akishikilia zamu ya mwenzake aliyeugua. Akavua kibao, akakiweka mezani. Mwalimu aliuliza alisema nini. Msichana akajibu kwa Kiingereza sanifu kwamba alisema ubeti wa tano.

Hapo ndipo pangefaa mja kusimama. Daftari lilikuwa wazi. Mwalimu mkuu alikuwa chumba cha pili, mlango haujafungwa. Katika mfuko wa koti la mwalimu mlikuwamo barua ya mkopo wa mashine ya kusaga ya mama yake, ambayo ilihitaji barua ya mwajiri. Aliandika jina la msichana. Akaandika darasa. Katika safu ya tatu aliandika "Kiswahili", na kalamu haikukwama.

Jumamosi alfajiri hakupata usingizi. Alishuka hadi bwalo kabla ya jua kuchomoza. Msichana alikuwa amepiga magoti, ndoo ubavuni, akisugua sakafu ambayo baada ya saa nne wazazi wangeikanyaga. Mpishi mkuu wa shule, mzee mmoja mtu wa Lamu aliyekuwa amefanya kazi bara kwa miaka mingi, alikuwa ameacha sufuria zake na kushika kitambaa cha pili. Mwalimu alisimama nje ya mlango akasikia mazungumzo yao.

"Hebu sema tena, mwanangu," mpishi alisema.

Msichana alikitamka kituo. Mpishi akamkatiza.

"Si dhamani. Thamani. Ulimi weka baina ya meno, kisha wacha pumzi ipite peke yake, usiitie sauti. Ukiitia sauti wasikia dhamana, na dhamana ni kitu kingine kabisa."

"Mwalimu ametufundisha hivyo, babu."

"Mwalimu hana kosa. Kila mtu ana kwao. Haya, thamani."

Msichana akarudia mara nne, na mara ya nne ikawa sawasawa. Nje ya mlango mwalimu naye aliitamka kimoyomoyo. Katika Kigikuyu, herufi hizo mbili hutamkwa kama dh ya Kiswahili, na miaka minne ya chuo kikuu ilikuwa imepita bila mtu yeyote kumwekea ulimi baina ya meno. Alikuwa amewafundisha watoto 30 kulikosea neno lilelile ambalo shairi zima liliegemea, na majaji wa wilaya hawakulishika. Aliyelishika alikuwa mtu ambaye hakuruhusiwa kuzungumza na wanafunzi ila kwa lazima ya kazi, kwa hofu ya kuwaharibia lugha.

Aliingia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu," mpishi alijibu, kisha akainua ndoo na kurudi jikoni kana kwamba hapakuwa na lolote.

Sherehe ilianza saa nne. Skauti walifanya gwaride, kwaya ikaimba, mgeni wa heshima akahutubu. Hotuba zote zilikuwa kwa Kiingereza, na safu za nyuma, walikoketi mabibi na mababu waliokuja kutoka mashambani kuwaona wajukuu, zilikuwa zimetulia kwa utulivu wa watu wasioelewa lakini wenye adabu. Shairi liliwekwa kabla ya chakula. Msichana alitoka mbele, magoti yake yakiwa bado na wekundu wa sakafu chini ya upindo wa sketi. Alipofika kwenye kituo alitamka thamani kama alivyofunzwa, na wenzake 29, waliokuwa wamezoea kosa, wakamfuata kwa kosa. Ubeti wa pili walisitasita. Ubeti wa tatu nusu yao walikuwa wamehamia upande wake. Ubeti wa nane wote walilitamka sawa. Walioketi nyuma walikuwa wamesimama kwenye ubeti wa pili na hawakuketi tena. Mkurugenzi alipochukua kipaza sauti alisema, kwa Kiingereza, kwamba shule yake inajivunia sana lugha ya taifa.

Jumatatu, katika mkutano wa walimu, kijana aliinua mkono. Sauti ilimtetemeka lakini alisema: haifai mwanafunzi aadhibiwe kwa kufanya mazoezi ya somo linalotahiniwa. Alitaja kombe, akataja wastani. Mwalimu mkuu alisikiliza kwa makini, akakubali papo hapo. Ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo, mwanafunzi atakayehitaji kutumia Kiswahili nje ya darasa kwa minajili ya masomo atapewa cheti cha ruhusa kilichotiwa sahihi na mwalimu wa somo. Walimu wakapiga makofi. Kijana alitoka mkutanoni akijiona mshindi, hadi alipoketi kuandika vyeti hivyo. Alikuwa ameandika sita, vyote kwa Kiingereza, alipotambua alichokuwa akikifanya: alikuwa akiwapa Waafrika wadogo pasi ya kupita katika nchi yao. Babu zao walikuwa wamebeba kipande shingoni ili waruhusiwe kutembea. Hao sasa walihitaji karatasi ili waruhusiwe kusema.

Shule ilifungwa mwanzoni mwa Agosti. Tarehe 4 mwezi huo Wakenya walipiga kura ya maoni, na takribani asilimia 67 wakaikubali katiba mpya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kijana alipiga kura kijijini, katika darasa lilelile alilovishwa mfupa wa ng'ombe. Kifungu cha saba cha katiba hiyo kinasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kinaitaka pia dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Alikisoma mara nyingi. Kilichomwuma si kwamba kilikuwa kigeni kwake, bali kwamba yote yaliyomo alikuwa ameyaandika katika tasnifu yake, kisha akaja kuyafuta kwa mwandiko mzuri katika daftari la safu tatu.

Mwezi wa Septemba kibao kilikuwa kingali pale. Kifungu cha katiba hakina miguu ya kupanda ngazi za shule moja baada ya nyingine na kukata nyuzi shingoni mwa watoto. Kijana naye hakukivunja mbele ya gwaride, kama wafanyavyo mashujaa wa tamthilia. Alichofanya kilikuwa kidogo. Kila zamu yake ilipofika alifungua daftari, akaandika tarehe, akatia sahihi, na safu tatu akaziacha wazi. Watoto walilijua jambo hilo kabla ya walimu. Majuma ya zamu yake, kibao kililala kwenye mfuko wa kiranja kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni alienda jikoni kwa mpishi, daftari lake mwenyewe mkononi, akafunzwa dh na th, gh na kh. Mwezi wa Novemba mwalimu mkuu alipekua daftari na kuuliza juu ya kurasa tupu. Kijana alijibu kwamba hakusikia kosa lolote, na alijibu kwa Kiswahili. Mkataba wake haukuhuishwa mwaka uliofuata. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa fedha.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi umechukua nafasi ya 8-4-4 katika shule za msingi. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022. Ni furaha iliyoje kuwaona watoto siku hiyo wamevaa leso na kanzu, wakighani na kutega vitendawili, wazazi wakipiga picha.

Lakini Siku ya Wazazi ya mwaka 2010 nayo ilikuwa ya furaha, na makofi yake yalikuwa ya kweli. Lugha haipimwi kwa makofi ya siku moja. Kila mwaka idara za Kiswahili katika vyuo vikuu huwatoa mamia ya vijana wenye shahada, na wengi wao huingia katika malango kama lile la kijani wakiwa na begi moja na haja ya mshahara. Huko hawatahojiwa juu ya fani na maudhui. Watakabidhiwa daftari, huenda bado lina safu tatu, asubuhi ya tarehe 8 Julai, wakati leso zimekwisha kukunjwa na mtoto mmoja yuko mferejini akirudia ubeti unaomponyoka.